Kufundisha utetezi wa imani Katoliki: anza na ukurasa wa yaliyomo

Mafundisho mengi ya utetezi wa imani huanza kwa haraka. Mwanafunzi ameulizwa na jirani kuhusu toharani, yaani utakaso wa roho baada ya kifo: "Iko wapi kwenye Biblia?" Anakuja kwa mwalimu akiwa ameona aibu, mwalimu anamtafutia aya, anaondoka nazo tatu. Wiki inayofuata anarudi na swali jingine. Nilifundisha hivyo kwa muda mrefu. Nilichopata ni watu waliobeba aya nyingi kichwani bila kujua wamesimama juu ya nini.

Siku hizi naanzia kwenye ukurasa wa yaliyomo wa Biblia. Swali "iko wapi kwenye Biblia?" lina swali jingine lililolitangulia: Biblia ipi, yenye vitabu vingapi, na nani alisema ni hivi na si vingine? Mwanafunzi akilishika hilo, mafundisho ya Mapokeo, Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) na Papa hayamjii tena kama vipande vilivyotawanyika.

Mwongozo huu nimeuandika kwa makatekista, walezi wa vijana na viongozi wa jumuiya. Tenga vipindi sita hadi vinane vya saa moja na nusu. Ukiwa na vichache zaidi, punguza kwingine, lakini hatua ya pili na ya tatu usiziguse.

Hatua ya 1: Jiandae wewe kwanza

Tafuta Biblia mbili, moja ya Kikatoliki yenye vitabu 73 na moja ya Kiprotestanti yenye vitabu 66. Tafuta pia Katekisimu ya Kanisa Katoliki, hasa namba 74 hadi 141 kuhusu Ufunuo, Mapokeo na Maandiko, na namba 874 hadi 896 kuhusu mamlaka ya maaskofu na Papa. Orodha yote ya vitabu iko namba 120. Ongeza hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Ufunuo wa Mungu, Dei Verbum, ya mwaka 1965. Ni fupi, unaimaliza jioni moja.

Kisha soma vile vitabu saba vyenyewe vinavyozidi katika Biblia ya Kikatoliki. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewaona walimu wakipigania vitabu ambavyo hawajavifungua. Tobiti ina sura 14, Yudithi 16, Wamakabayo cha kwanza 16 na cha pili 15, Hekima 19, Yoshua bin Sira 51, Baruku 6. Jumla ni sura 137. Ukisoma tatu kwa siku, utamaliza kwa siku 46. Ongeza sehemu za Kigiriki za Esta na Danieli, ambako kuna wimbo wa vijana watatu katika tanuru na kisa cha Susana. Mwanafunzi akikuona unaisimulia sala ya Tobia na Sara usiku wa arusi yao bila kufungua ukurasa, utakuwa umeshamfundisha jambo kabla hujatoa hoja yoyote.

Hatua ya 2: Wape Biblia mbili na swali moja

Kipindi cha kwanza usihutubu. Wagawe wawili wawili, kila kundi lilinganishe kurasa za yaliyomo za Biblia hizo mbili. Wataona wenyewe kwamba Agano Jipya ni lile lile, vitabu 27, na tofauti iko katika Agano la Kale: 46 kwa 39. Waandike majina ya vilivyokosekana.

Halafu uliza: "Ni aya gani ndani ya Biblia inayotaja vitabu 27 vya Agano Jipya?"

Wape muda. Wengine watakimbilia Ufunuo 22:18, pale panapokataza kuongeza neno. Waulize "kitabu hiki" kinachosemwa pale ni kipi. Ni Ufunuo wenyewe; Biblia haikuwa bado imekusanywa katika jalada moja. Wengine watataja 2 Petro 3:16, ambapo nyaraka za Paulo zinawekwa pamoja na "maandiko mengine." Hoja nzuri, msifu aliyeitoa. Lakini aya hiyo haisemi nyaraka za Paulo ni ngapi, wala haituambii kama Waraka kwa Waebrania, usiotaja jina la mwandishi wake, umo au haumo. Mwishoni watakubali kwamba orodha hiyo haimo ndani ya Biblia. Tumeipokea kutoka kwa waliotutangulia.

Hapa pana hatari, na mwalimu asipoiona atawapoteza. Kuna Mkatoliki atakayetoka hapo akitamba, "Kumbe Kanisa ndilo lililoitunga Biblia!" Msahihishe siku hiyo hiyo. Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulifundisha kwamba vitabu hivi ni vitakatifu si kwa kuwa Kanisa lilivithibitisha baadaye, bali kwa kuwa vimeandikwa kwa uvuvio wa Roho Mtakatifu na Mungu ndiye mtunzi wake. Kanisa halikuvitia utakatifu. Lilivitambua, kama mtoto anavyoitambua sauti ya mama yake gizani, kisha likasema kwa mamlaka: ni hivi.

Hatua ya 3: Simulia historia ya kanoni bila kuficha mikunjo

Kanoni ni orodha rasmi ya vitabu vya Biblia; neno lenyewe linatokana na Kigiriki, maana yake ni kipimo au rula. Waeleze hivyo, kisha simulia kwa mfuatano wa miaka. Mimi huchora mstari mrefu ubaoni na kuujaza polepole.

Anza na Septuaginta, tafsiri ya Kigiriki ya Maandiko ya Wayahudi iliyoanza kufanywa Aleksandria karne ya 3 kabla ya Kristo. Waandishi wa Agano Jipya waliandika kwa Kigiriki, na mara nyingi wanaponukuu Agano la Kale wanafuata tafsiri hiyo. Vile vitabu saba vilisomwa na Wakristo wa kwanza pamoja na vingine katika mapokeo hayo.

Karibu mwaka 144, Marcion alitengana na Kanisa la Roma akiwa na orodha yake: hakuna Agano la Kale, Injili ni moja tu, ya Luka, iliyopunguzwa, na baadhi ya nyaraka za Paulo. Kipande hiki wanafunzi hukipenda kwa sababu kinawaonyesha kwamba swali la orodha si la jana. Mwanzoni mwa karne ya 4, Eusebio wa Kaisaria, mwanahistoria wa Kanisa, bado anaandika kwamba Yakobo, Yuda, 2 Petro, na 2 na 3 Yohane zina wanaozitilia shaka. Mwaka 367, Athanasi, askofu wa Aleksandria, katika barua yake ya Pasaka anataja vitabu 27 vya Agano Jipya, vile vile tulivyo navyo leo.

Usiishie hapo ukakunja karatasi. Athanasi huyo huyo, katika barua hiyo hiyo, hakuiweka Tobiti, Yudithi, Hekima wala Sira kati ya vitabu vya kanoni. Aliviita vya kusomwa na wanaojiandaa kwa ubatizo, na Esta akaiweka kundi hilo hilo. Jeromu, mtafsiri mkuu wa Biblia ya Kilatini, naye alipendelea orodha ya Kiebrania. Waambie wanafunzi wako mambo haya wewe mwenyewe. Wasipoyasikia kwako watayasikia kwa mtu mwingine, na siku hiyo watajiuliza ni nini kingine ulichowaficha.

Baada ya hapo ndipo wanaelewa uzito wa kilichofuata. Sinodi ya Hippo mwaka 393 na za Karthago mwaka 397 na 419 zilitoa orodha yenye vile vitabu saba, na Augustino, askofu wa Hippo, alikuwa miongoni mwa waliosimama upande huo. Mwaka 405 Papa Inosenti wa Kwanza alimwandikia askofu Exuperius wa Toulouse na kumpa orodha hiyo. Kuwa mkweli kwamba Hippo na Karthago zilikuwa sinodi za eneo moja, si mitaguso ya Kanisa zima. Ni ushuhuda wa imani iliyokuwa ikikomaa. Watakatifu wawili wakubwa, Jeromu na Augustino, walitofautiana, na suala halikuamuliwa kwa kuhesabu nani ana elimu zaidi.

Sasa njoo kwenye dai litakalowafikia mara nyingi kuliko yote: "Wakatoliki waliongeza vitabu saba kwenye Mtaguso wa Trento." Trento ilitoa tamko lake tarehe 8 Aprili 1546, kweli, na ndiyo iliyolifunga suala hili kwa tamko rasmi la imani. Lakini Mtaguso wa Firenze ulitaja vitabu hivyo mwaka 1442, na Martin Luther, mwanzilishi wa Uprotestanti, alizaliwa 1483. Miaka 41 kabla. Biblia ya Gutenberg, iliyochapwa katikati ya karne ya 15, ilikuwa navyo. Luther mwenyewe katika Biblia yake ya 1534 hakuvitupa: aliviweka kando kati ya Maagano mawili, akasema havilingani na Maandiko Matakatifu ila vinafaa kusomwa. Hata Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James ya 1611 ilikuwa navyo katika sehemu yake. Kati ya yote utakayofundisha, mwanafunzi asisahau mwaka 1442.

Hatua ya 4: Wanyang'anye hoja dhaifu

Hatua hii walimu wengi huiruka, nami naiona ya lazima kuliko nyingi. Niliwahi kumpa kijana hoja niliyoisoma mahali: kwamba marabi, yaani walimu wa Kiyahudi, walikutana katika mji wa Yamnia karibu mwaka 90 na kuvifukuza vitabu saba kwa chuki dhidi ya Wakristo. Akaenda kuitumia mbele ya mtu aliyesoma, akarudi kimya. Wataalamu wengi wameshaachana na dhana ya mtaguso wa Yamnia uliofunga kanoni. Kosa lilikuwa langu, aibu akaibeba yeye.

Kwa hiyo, pamoja na Yamnia, waambie waache pia hizi. "Kitabu ni cha kanoni kwa sababu Agano Jipya linakitaja." Yuda aya ya 14 inamnukuu Henoko, nasi hatuna kitabu cha Henoko katika kanoni, ilhali Esta haijanukuliwa popote katika Agano Jipya na imo. Inafaa kuonyesha kwamba Waebrania 11:35 inaelekea kwenye mateso ya ndugu saba katika 2 Wamakabayo 7, lakini kama dalili kwamba kitabu kilijulikana na kuheshimiwa, basi. Na "Luther alivitoa ili aikimbie toharani." Ni kweli kwamba kwenye mdahalo wa Leipzig mwaka 1519, Johann Eck, mtetezi wa upande wa Katoliki, alimletea 2 Wamakabayo 12, panapoombewa wafu, na Luther akajibu kwamba kitabu hicho hakimo katika kanoni. Lakini alikuwa na Jeromu nyuma yake. Kumsomea mtu nia iliyo moyoni si hoja.

Upande wa pili nao una hoja dhaifu, wazijue. Wakisikia kwamba vitabu hivi viliandikwa kwa Kigiriki tu, wataje Qumran, kwenye mapango karibu na Bahari ya Chumvi, ambako vimepatikana vipande vya Tobiti kwa Kiaramu na Kiebrania, na vya Sira kwa Kiebrania.

Hatua ya 5: Vuka kutoka kanoni kwenda mamlaka

Swali la kuvukia ni hili: kama tunaitegemea orodha, je, tunamtegemea nani aliyeihakikisha? Augustino alilisema waziwazi alipokuwa akiwajibu Wamanikayo, wafuasi wa dini ya Mani: yeye asingeiamini Injili kama mamlaka ya Kanisa Katoliki isingemsukuma.

Kisha fungua Matendo 15. Naipendelea sura hii kuliko Mathayo 16 kwa kuanzia, kwa sababu inaonyesha mamlaka ikifanya kazi. Kumetokea ugomvi juu ya tohara. Paulo na Barnaba hawaambii kila mtu akasome na kuamua mwenyewe. Wanapanda kwenda Yerusalemu kwa mitume na wazee. Petro ananena, Yakobo anataja Maandiko ya nabii Amosi, na barua inatoka ikisema, "Imempendeza Roho Mtakatifu na sisi." Uliza darasa: waamini wa Antiokia walipoisoma barua hiyo, walikuwa na uhuru wa kuikataa? Waache wabishane kidogo.

Hapo ndipo Mathayo 16:18-19, ambapo Yesu anamwita Petro mwamba na kumwahidi funguo, inapata mahali pake. Isome pamoja na Isaya 22:20-22, ambapo Eliakimu anapewa ufunguo wa nyumba ya Daudi, afungue wala hakuna afungaye. Wataona kwamba funguo ni ishara ya cheo, na cheo hukaa wazi mwenye nacho akiondoka, hata akapewa mwingine. Ongeza Luka 22:32 na Yohane 21:15-17. Pingamizi la Kigiriki, kwamba petros ni jiwe dogo na petra ni mwamba, lijibu kwa Yohane 1:42: Yesu alimwita Kefa, jina la Kiaramu lisilo na tofauti hiyo. Ila usiwafungie. Mababa wa Kanisa, yaani waandishi Wakristo wa karne za mwanzo, waliuona mwamba kwa namna zaidi ya moja: Petro mwenyewe, imani aliyoikiri, hata Kristo. Katekisimu namba 424 yenyewe inautaja mwamba wa imani aliyoiungama Petro. Maana hizo hazigombani, na mwanafunzi asishtuke akionyeshwa maneno ya Augustino yanayomtaja Kristo.

Urithi wa mitume upitie kwa mashahidi watatu tu: Klementi wa Roma, aliyewaandikia Wakorintho karibu mwaka 96 kuhusu viongozi walioondolewa isivyo haki; Ignas wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya 2, ambaye kwake tunakutana kwa mara ya kwanza na jina "Kanisa Katoliki"; na Ireneo wa Lyon, karibu mwaka 180, anayewataja maaskofu wa Roma mmoja baada ya mwingine tangu Lino.

Kutokosea kwa Papa kunahitaji kipindi kizima, kwa sababu Wakatoliki wenyewe hawakuelewi. Si kwamba Papa hatendi dhambi. Paulo alimkemea Petro mbele ya watu, Wagalatia 2:11-14, na Petro akabaki Petro. Si kwamba kila asemalo kwenye mahojiano ni fundisho la imani. Mtaguso wa 1870 uliweka masharti: anene akiwa mchungaji na mwalimu wa Wakristo wote, juu ya imani au maadili, akitamka kwa namna ya mwisho fundisho linalopaswa kushikwa na Kanisa zima. Mfano ulio wazi ni Pio wa 12 alipotangaza Kupalizwa kwa Bikira Maria, tarehe 1 Novemba 1950. Kwa darasa lililokomaa, mlete na Papa Honorio, aliyelaaniwa na Mtaguso wa Tatu wa Konstantinopoli mwaka 681 baada ya kufa. Wapimie barua zake kwa masharti yale, wataona wenyewe kwamba hakuwa akitoa tamko la namna hiyo kwa Kanisa zima. Malizia kwa Dei Verbum namba 10: mamlaka fundishi haiko juu ya Neno la Mungu, bali inalitumikia.

Hatua ya 6: Waweke wajibizane

Wapange wawili, mmoja awe Mkatoliki na mwingine Mprotestanti, kisha wabadilishane. Sharti langu ni moja: anayemwakilisha Mprotestanti aseme hoja kwa ubora wake, kiasi kwamba Mprotestanti halisi angesikia angesema, "Ndivyo tunavyoamini."

Yaani asiseme kwamba Waprotestanti wanakataa kila mamlaka ya kanisa. Waliosoma miongoni mwao husema kanisa lina mamlaka, mitaguso inafaa, ila Maandiko pekee ndiyo kanuni isiyokosea. Na juu ya kanoni watasema kanisa lilikuwa shahidi wa orodha, si hakimu wake. Hilo ni jibu la watu makini. Mkatoliki analijibu kwa kuuliza: shahidi huyo aliweza kukosea? Kama aliweza, tuna uhakika gani kwamba Yakobo imo kwa haki? Kama Mungu alimlinda asikosee katika hilo, kwa nini tuseme ulinzi huo uliishia hapo?

Mazungumzo yaende hivi:

"Kaka, 2 Timotheo 3:16 inaonyesha Maandiko yanatosha."

"Tuisome pamoja, dada. 'Kila andiko, lenye pumzi ya Mungu, lafaa kwa mafundisho.' Naliamini lote. Umeona neno *lafaa*?"

"Lakini aya ya 17 inasema mtu wa Mungu awe kamili."

"Kweli, na rudi nyuma kidogo, aya ya 15. Maandiko aliyoyajua Timotheo tangu utoto ni yapi?"

"Agano la Kale."

"Basi kama aya hii inamaanisha kutosha peke yake, Agano la Kale lingetosha bila Injili."

"Na Yesu kukemea mapokeo, Marko 7?"

"Alikemea mapokeo yanayolitangua neno la Mungu. Soma na 2 Wathesalonike 2:15, Paulo anaposema tuyashike mapokeo, *ama kwa maneno, ama kwa waraka wetu*."

Angalia jinsi anavyokubali kilicho kweli kabla ya kujibu, na jinsi anavyouliza zaidi kuliko kutamka. Sikiliza pia sauti zao. Anayepandisha sauti msimamishe, aanze upya. Petro aliposema tuwe tayari siku zote kumjibu kila mtu, aliongeza, "lakini kwa upole na kwa hofu," na wanafunzi wako wengi wana mama, mume au shangazi asiye Mkatoliki nyumbani. Huyo watakula naye usiku ule ule.

Hatua ya 7: Daftari la maswali yasiyojibiwa

Tangu kipindi cha kwanza weka daftari moja mezani. Swali lolote usiloliweza, liandike mbele yao pamoja na tarehe, sema "Sijui, nitatafuta," na ulirudie kipindi kijacho. Wazoeze nao kusema hivyo hivyo nje ya darasa. Kipindi cha mwisho lifungue mbele ya wote, soma maswali yaliyopata majibu, na yale yaliyobaki wagawie, kila mtu swali moja, akalitafute kwenye Katekisimu na kwa padri wake, mkutane tena baada ya mwezi kuyasikiliza.